Kipimo cha VVU cha kujipima kimeonyesha mstari mmoja baada ya wiki tano: je, nikiamini?

Mvuvi wa Mchana aliuliza:

Salamu wanajukwaa. Wiki tano zilizopita kondomu ilipasuka, na kwa kuwa sikuwa na uthubutu wa kukaa kwenye benchi la zahanati ya mtaani kwetu, ambako nusu ya wauguzi wananifahamu tangu utotoni, nilitafuta kipimo cha kujipima kwa majimaji ya kinywani. Nilipitisha kijiti kwenye fizi za juu na za chini, nikakitumbukiza kwenye kichupa, na baada ya dakika 20 ukatokea mstari mmoja tu, penye herufi C. Nilifurahi kwa siku mbili. Kisha rafiki yangu akanisimulia kwamba binamu yake aliona mistari miwili kwenye kipimo kama hicho, akakosa usingizi siku tatu, na hospitalini akaambiwa hana maambukizi. Ikiwa kipimo kinaweza kumsingizia asiye na virusi, kitashindwaje kumficha aliye navyo?

Mezani Maabara alijibu:

Ndugu, kipimo hicho hakitafuti kirusi chenyewe, bali kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kugundua kwamba umevamiwa. Askari hao hawatokei siku ya uvamizi. Kwa watu wengi huanza kuonekana kwenye damu wiki ya tatu au ya nne, lakini wapo wanaochelewa hadi miezi mitatu, na kwenye majimaji ya fizi huwa ni wachache kuliko kwenye damu. Mstari wako wa C unathibitisha tu kwamba kipimo kimefanya kazi. Haukuambii kwamba mwili wako umekwisha kujibu. Kipimo cha namna hiyo kiliporuhusiwa kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani nchini Marekani mwaka 2012, mamlaka ya dawa ya huko ilieleza wazi kwamba kati ya watu 12 wenye VVU watakaojipima, mmoja anaweza kupata jibu la kwamba hana.

Kuna kipimo cha PCR, ambacho hutafuta vinasaba vya kirusi na kinaweza kukiona mapema zaidi, hata kabla ya wiki mbili kwa baadhi ya watu. Hapa kwetu hutumika zaidi kwa watoto wachanga, kwa sababu mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake, nazo zinaweza kukaa mwilini mwake hadi miezi 18, hivyo kipimo cha haraka kingemhukumu kwa askari wasio wake.

Mwalimu wa Hesabu alijibu:

Mtaalamu amemwacha binamu njiani, basi nimchukue mimi. Chukulia watu 1,000, na kati yao 10 wana VVU. Kipimo kinachokosea mara moja tu kwa kila watu 100 wasio na virusi kitawasingizia karibu 10 kati ya wale 990. Kwa hiyo watakaoona mistari miwili ni kama 20, na nusu yao hawana kitu! Kipimo hakijawa kibovu. Wenye maambukizi ndio wachache. Ndiyo sababu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu asitangazwe kuwa na VVU hadi vipimo vitatu tofauti viitike kwa mfuatano. Kosa la kipimo cha kwanza ni vigumu kujirudia kwenye kingine kilichoundwa kwa namna nyingine, na cha kujipima hakihesabiwi miongoni mwa hivyo vitatu.

Mshauri Nasaha alijibu:

Naongeza jambo la saa. Mimi mwenyewe niliwahi kupimwa kwenye zahanati moja, mhudumu akaniacha na kipimo mezani akaenda kunywa chai, akarudi baada ya zaidi ya saa nzima na kukuta mstari wa pili uliofifia kama wa penseli iliyofutwa. Uso wake uliniambia yote kabla hajafungua kinywa. Nilipopimwa upya, mstari huo haukuonekana: damu au majimaji yakikauka juu ya karatasi yanaweza kuacha kivuli. Soma matokeo ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, si baadaye. Ila mstari uliofifia ukionekana ndani ya muda huo, usiupuuze, nenda kituoni.

Jingine linaniuma zaidi. Nimewapokea watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi ambao walijipima kinywani baada ya maombezi, wakaona mstari mmoja, wakaacha dawa. Dawa hupunguza virusi, na kingamwili nazo zinaweza kupungua hadi kipimo kisizione. Virusi bado vimo.

Mvuvi wa Mchana aliandika:

Nashukuru sana. Basi nirudie lini, na je, ningeweza kupewa dawa ya kuzuia?

Mezani Maabara alijibu:

Dawa ya kuzuia huanzwa ndani ya saa 72, kwa hiyo kwa tukio hilo umechelewa. Nenda sasa ukapimwe damu ya kidoleni, kisha urudie wiki ya 12, na katikati hapo tumia kondomu. Zihesabu kuanzia siku ile kondomu ilipopasuka, si kuanzia siku uliyojipima.