Kronografu inasoma 85, mara 27: tatizo ni mshale au mashine?

Mlenga_Malindi
Assalam aleikum wadau. Tunapima kasi ya mishale ya upinde wa kompaundi (ule wenye magurudumu nchani), uwanja uko kwenye minazi nyuma ya ufuo hapa Malindi. Kronografu, yaani mashine ya kupima kasi, ni ile ya macho mawili ya kuhisi mwanga yanayotazama juu, jicho hadi jicho sm 30. Mshale ni wa kaboni, urefu sm 75, unene mm 6. Asubuhi tunapata 84, 85, 86 m/s bila shida. Ikifika saa sita mchana vituko vinaanza: 85, 27, 88, kisha inaandika kosa, halafu 27 tena. Upinde haujaguswa, betri ya volti 9 ni mpya. Vifuniko vyeupe vya juu, vya kukinga na kutawanya mwanga wa jua, tumeviondoa kwa sababu upepo unavitikisa. Nianzie wapi?

Fundi_Shela
Waleikum salaam. Hiyo 27 yenyewe inasema kilichotokea. Jicho la kwanza liliona ncha. La pili likaikosa, likashtuka manyoya yalipopita. Manyoya huanza kama sm 65 nyuma ya ncha, kwa hiyo mashine inahesabu sm 30 kumbe mshale umekwenda sm 95. Piga hesabu: 85 × 30 ÷ 95 ni karibu 27. Upinde mzima, saa ya mashine nzima. Jicho la pili ndilo linalopofuka.

Linapofushwa na mwanga. Mshale ukipita juu yake, mwanga unaoingia hupungua kidogo, na huko kupungua ndiko ishara. Kijiti cha mm 6 hupunguza kidogo mno. Malindi iko nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, jua la mchana linakaa utosini, hasa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, likamulika moja kwa moja ndani ya tundu. Tena mchanga mweupe unarudisha mwanga juu na kuangaza tumbo la mshale, hasa kaboni inayong'aa, usionekane mweusi dhidi ya anga. Lile kosa linaloandikwa, nadhani ni makuti: kivuli chake kinachezacheza juu ya macho na kuzaa ishara za uongo.

Basi rudisha vifuniko, hilo halina mjadala. Vifunge kwa mshipi wa kuvulia hadi miguu ya stendi, na chini ya stendi ning'iniza mfuko wa mchanga. Tandika turubai nyeusi kuanzia upinde hadi mita moja kupita mashine. Toka kabisa chini ya minazi. Futa macho kwa pamba yenye maji baridi kidogo, kisha kausha. Hewa ya pwani huacha utando wa chumvi usioonekana kwa urahisi. Na usikimbilie ndani kwenye taa za tyubu: kwa umeme wetu wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde, na jicho linaona.

Upote_Mambrui
Maelezo ya Fundi ni sahihi, lakini ile 88 isipite hivi hivi. Ncha ni nyembamba mbele. Mwanga ukiwa mbaya jicho la kwanza huchelewa, linashtuka sm 1 baadaye. Sm 29 zikihesabiwa kuwa 30, 85 inakuwa 88.

Ikiendelea hata baada ya kuweka vifuniko, kagua bawaba kama mashine yako ni ya kukunja. Isipofunguka ikalala bapa, macho yanainamiana. Kila jicho likiinama nyuzi 2 tu, kwa mshale unaopita sm 15 juu yake unapoteza karibu sm 1. Jaribu hivi: piga mishale kadhaa kwa kimo cha sm 10, mingine sm 20. Ya juu ikisoma kasi zaidi, bawaba ndiyo yenye kosa.

Mshale ukipita kimshazari namba inashuka: nyuzi 10 zinakula asilimia 1.5. Vuta uzi kutoka upinde hadi shabaha, upange mashine chini yake. Jicho la kwanza liwe mita 1.5 mbele ya mkono ulioshika upinde. Likiwa karibu mno, mshale unapimwa upote (kamba ya upinde) ukiwa bado unausukuma.

Mlenga_Malindi
Shukrani sana. Nitahakikishaje namba ya asubuhi ni ya kweli, na mashine ya pili hatuna?

Upote_Mambrui
Simu inatosha. Weka shabaha mita 20, ukipima kutoka pale ncha ilipo mshale ukiwa umepachikwa na upote haujavutwa. Simu iwe kando, katikati kabisa, mita 10 kila upande, ili sauti ya upote na ya shabaha zisafiri umbali sawa. Rekodi, fungua kwenye programu ya kuhariri sauti, pima nafasi kati ya vilele viwili. Kwa 85 m/s utegemee karibu sekunde 0.235, au zaidi kidogo kwa vile hewa humpunguza mshale mwendo njiani. Ukipata 0.26, kronografu inakudanganya hata asubuhi.