Hivi progresivu roki kipimo chake ni nini? Na mbona Pink Floyd inaniingia ila Yes inagoma

KijanaWaMagomeni
Wakuu salaam. Kuna ubishi umezuka kwenye grupu letu la WhatsApp tangu juzi na mpaka sasa haujaisha, watu wameanza hadi kutupiana maneno makali kwa ajili ya bendi za wazungu wazee ambao hata hawajui kama tupo. Mmoja anasema progresivu roki ni wimbo wowote wa roki unaozidi dakika 10. Mwingine anasema hapana, lazima mapigo yawe ya ajabu ajabu, yasiwe yale ya moja mbili tatu nne. Wa tatu anadai Pink Floyd sio progu kabisa, na wa nne kaingia na Queen, eti kwa kuwa mwimbaji wao Freddie Mercury kazaliwa Unguja basi na sisi tuna hisa humo.

Sasa naomba mnisaidie mawili. Kipimo ni nini? Na la pili linanihusu mwenyewe, Pink Floyd naweza kusikiliza albamu nzima bila kugusa simu, lakini nikiwekewa bendi ya Yes kichwa kinauma, naona kama watu watano wanagombania maiki moja. Jamaa kaniambia hapo ndo nimejianika kwamba muziki siujui. Kweli hivyo?

SanturiTupu
Huyo wa dakika 10 mwambie atulie, dakika zilikuja kwa sababu ya kitu kingine. Mwishoni mwa miaka ya 60 vijana wa Uingereza waliacha kuwaza singo wakaanza kuwaza albamu. Beatles walishafungua njia 1967 na Sgt. Pepper's, mwaka huohuo Moody Blues wakatoa Days of Future Passed wakiwa na okestra, halafu Oktoba 1969 wakaja King Crimson na In the Court of the Crimson King, na hapo ndo wengi tunachomeka bendera. Ukiisikiliza ile kuna saksafoni ya jazi, kuna gitaa zito la kutisha, na nyuma yake kuna Mellotron, kile kinanda ambacho kila ukibonyeza kinavuta utepe wenye sauti iliyorekodiwa ya vailini au filimbi au kwaya, na utepe wenyewe unadumu kama sekunde 8 tu basi, lazima uachie ubonyeze upya. Ile sauti ya kuyumbayumba unayoisikia kwenye albamu za wakati ule nyingi inatoka humo.

Mimi kipimo changu ni wimbo umejengwaje. Wimbo wa kawaida unaujua, beti, kiitikio, beti, kiitikio, solo, kiitikio, kwaherini. Progu inasafiri. Inaanza na wazo, inalivunja, inaleta la pili, na la kwanza likirudi linarudi na kasi nyingine au limepewa ala nyingine, mwisho unafika sehemu ambayo mwanzo hukuitegemea. Huo ujenzi wameuchukua kwa muziki wa klasiki wa Ulaya, ndo maana Emerson, Lake & Palmer (ELP) hawakuona shida kuchukua Pictures at an Exhibition ya mtunzi Mussorgsky wakaipiga jukwaani kwa vinanda vya Hammond na Moog na kuitoa kama albamu 1971. Sasa ukishajenga namna hiyo dakika 3 zitakutosha wapi? Upande wa santuri unabeba dakika 20 na ushee, kwa hiyo utakuta Close to the Edge ya Yes ya 1972 imekula upande mzima, Supper's Ready ya Genesis mwaka huohuo inakaribia dakika 23, na Jethro Tull nao 1972 hiyohiyo wakatoa Thick as a Brick, wimbo mmoja pande zote mbili, unainuka kugeuza santuri katikati ya wimbo! Na kichekesho ni kwamba kiongozi wao Ian Anderson aliifanya kwa mzaha, kuwacheka wenye albamu za aina hiyo, watu wakaipokea siriasi kabisa ikafika namba moja Marekani.

besi_nzito
Haya mmeanza. Mimi ni mpiga besi, nimepiga kwenye bendi za hoteli miaka mingi, nitasema wazi tu, progu ni muziki wa wanaume wanaoonyeshana vidole. Na msiniambie ni kwa sababu siwezi nyimbo ndefu. Mario ya Franco na TPOK Jazz, ile ya 1985, ni kama robo saa hivi na hakuna anayeomba iishe, sebene likishaingia ndo kwanza watu wanavua makoti. Taarab ya Unguja nayo, bendi inaweza kufungua na bashraf, ala tupu, hakuna anayeimba, watu wametulia kwenye viti wanasikiliza ganuni na vailini na sijawahi kusikia mtu kasema ule muziki mgumu. Kuna kitu kinakushika pale. Hawa wenzetu ukitaka kutikisa kichwa tu wanabadilisha taimu, ukiizoea hiyo mpya wanabadilisha tena, afu mwisho wa siku unaambiwa wewe ndo hujaelewa.

1973 Yes wakatoa Tales from Topographic Oceans, santuri mbili, nyimbo nne, kila upande wimbo mmoja. Mpiga kinanda wao mwenyewe Rick Wakeman alichoka mpaka kuna shoo Manchester akala kari jukwaani wenzake wanapiga, anaisimulia mwenyewe hiyo anacheka, na mwaka uliofuata akaondoka. Kama aliyekuwa jukwaani analipwa ilimchosha, mimi niliyetoa hela yangu nifanyeje? ELP 1977 wakazunguka Marekani na okestra ya watu 70 hivi, gharama zikawashinda wakaiacha njiani. Wakati huo vijana wa panki wanapiga kodi tatu za gitaa dakika mbili, Johnny Rotten wa Sex Pistols anatembea na fulana ya Pink Floyd kaandika juu yake kwamba anawachukia. Walijitakia.

Dada_Drams
besi_nzito naona leo umeamka na hasira 😂 ngoja nikae kwenye mapigo kwanza maana hata yule wa pili wa kwenye grupu ya mleta mada hajapatia. Take Five ya kundi la Dave Brubeck ni ya 1959, ina mapigo matano, ni jazi, na hakuna mtu anaiita progu. Kwa hiyo mapigo ya ajabu peke yake hayakupi cheti.

Halafu hiyo hoja ya kwamba progu haina mwili, chukua Money ya Pink Floyd. Lile besi la Roger Waters lihesabu, moja mpaka saba, linarudi mwanzo pale ulipotegemea nane. Solo ya saksafoni ya Dick Parry bado ipo kwenye saba, ila ikifika solo ya gitaa ya Gilmour bendi nzima inageuka nne kawaida, ikiisha wanarudi saba. Na watu baa wanaitikisia kichwa miaka hamsini na ushee sasa hakuna anayejua anahesabu saba. Ukiona mtu anakosa mahali pa kuweka mguu mara nyingi ni mpiga drams kashindwa kazi, namba haina kosa. Rush nao kwenye YYZ, pale mwanzoni wanapiga alama za Morse za uwanja wa ndege wa Toronto, vidoti na vistari vya hizo herufi tatu ukivigonga vinakupa kumi. Hawakukaa wakatafuta hesabu ya kutesa watu, ilitoka kwenye herufi.

Kuhusu Queen. Freddie ni kweli kazaliwa Unguja 1946 na familia ikahamia Uingereza 1964 baada ya mapinduzi, ila kuzaliwa hakumpi mtu aina ya muziki jamani. Anayetaka kuwatetea aende kwenye Queen II ya 1974, pande za santuri zimeitwa Nyeupe na Nyeusi badala ya A na B, na upande wa Nyeusi nyimbo zinaingiliana hujui hii imeisha wapi. Bohemian Rhapsody ya 1975 ndo kabisa, dakika karibu 6, haina kiitikio, inaanza sauti tupu, inakuja balada, opera, roki nzito, inazimika taratibu. Kwa kipimo cha SanturiTupu inapita bila maswali. Lakini bendi hiyohiyo 1980 inakuletea Another One Bites the Dust, besi na drams za disko. Mimi nawaona ni watu waliopita mtaa wa progu wakachukua walichotaka wakaondoka zao, na hawakosei.

NyayoNne
Na wale wa Zambia miaka ya 70, WITCH na Amanaz, wanaingia humu?

SanturiTupu
Hapana, ile Zamrock. Naipenda kufa, lakini ukoo wake ni Hendrix na James Brown, gitaa la fazi na fanki, nyimbo nyingi fupi za kucheza.

Mwanakinanda
Naona swali la pili la mleta mada mmeliruka wote na ndo zuri zaidi.

KijanaWaMagomeni, sikiliza Breathe kwenye The Dark Side of the Moon. Beti zake kodi mbili zinapokezana, taratibu, Gilmour anapiga noti chache anaziacha zilie mpaka zichoke, Rick Wright anajaza nyuma. Muda mwingi kuna kitu kimoja mbele na vingine vimekaa vinasubiri zamu. Sasa rudi Yes. Chris Squire besi yake ina sauti kali na inapiga mstari wake kama gitaa la pili, Steve Howe hakai sehemu moja, Bill Bruford drams zinaruka pale usipozitegemea, Wakeman yuko juu na vinanda vyake, na Jon Anderson anaimba kwa sauti ya juu sana maneno ambayo hata Waingereza wenyewe wanayabishania. Hao wako watano kweli na wote wanaongea kwa pamoja, hukusikia vibaya. Sikio linalazimika kuchagua la kumfuata nani, na kuna watu ndo raha yao hiyo. Nimewaona watu waliokulia kwaya za kanisani, zile za sauti nne kila moja na njia yake, Yes haiwasumbui hata kidogo, na waliozoea kumsubiri mwimbaji aseme jambo inawachosha haraka. Aliyekuambia hujui muziki kachanganya mazoea na elimu. Jaribu hivi, weka Close to the Edge halafu fuata besi tu mwanzo mwisho, vingine waachie wenyewe. Ikigoma tena, achana nayo, kuna muziki mwingi duniani.

Nyumbani kwangu mimi nasikiliza Genesis ya Peter Gabriel, akiondoka 1975 na mimi naanza kusinzia. Mke wangu anaipenda Invisible Touch ya 1986, ananiona mimi ndo mgonjwa. Spika ni moja. Na kwenye kinanda ni Tony Banks yuleyule miaka yote hiyo, kwa hiyo siwezi hata kumwambia wale ni watu wengine.

Na huyo anayeitoa Pink Floyd kwenye progu namuuliza Echoes ya 1971 ataiweka wapi, dakika 23 na kitu. Dark Side ya 1973 nayo imeunganishwa mwanzo mwisho, muda, pesa, wazimu, kifo. Wengi wanawatoa kwa sababu hawana vidole vya haraka. Dark Side iliwahi kukaa kwenye chati ya Billboard ya Marekani jumla ya wiki 741 kati ya 1973 na 1988, sasa kama progu ni ya wachache wanaojiona, hizo wiki alinunua nani?

besi_nzito
Wiki sio hoja, vingi vinanunuliwa. Squire sijawahi kumkataa, yule anapiga. Kero yangu kubwa ni mashabiki. Leo bendi ikija na Mellotron ya kwenye kompyuta, wimbo dakika 20, mavazi ya mchawi, wanaipokea kwa vigelegele eti progu imerudi. Hiyo si 1972 imepigwa pasi? Mbele wanaenda wapi hapo?

SanturiTupu
Hapo leo tuko pamoja, na mwenye hoja yako ni Robert Fripp mwenyewe. Alivunja King Crimson 1974 wakiwa na mashabiki wa kutosha tu. 1981 akarudi na Discipline, Bruford kwenye drams, Tony Levin kwenye besi, Adrian Belew kwenye gitaa, na ile Mellotron haipo tena, badala yake magitaa mawili yanapiga vipande vidogo vidogo vinavyopishana, huyu anarudia kila noti kumi na kitu mwenzie kila noti chache zaidi, vinaachana halafu vinakutana tena mbele. Aliyekuwa anasubiri 1969 irudi hakuipata. Kwangu ile ni progu kuliko bendi ishirini zinazoiga Genesis. Tool nao kwenye Lateralus ya 2001, silabi za beti zinapanda na kushuka kwa namba za Fibonacci, moja, moja, mbili, tatu, tano, nane, afu zinarudi chini, na muziki wenyewe hausikiki kama wa mtu yeyote wa 1972.

Mwanakinanda
Ila tusiwatukane sana wanaoiga. Misplaced Childhood ya Marillion 1985 ilifika namba moja Uingereza na ile harufu ya Genesis ipo wazi kabisa, na ni albamu nzuri.

besi_nzito
Nzuri kwako. Discipline ndo nimeiweka sasa hivi. Huyo Levin anapiga nini pale mwanzo? Hiyo sio besi ya kawaida.

Dada_Drams
Chapman Stick. Ile ina nyuzi kumi, haikwanyuliwi, unazigonga kwa vidole vya mikono yote miwili. Subiri ufike wimbo wa mwisho ndo utajua kaka.