Naomba ushauri: wanachuo wanaofundisha hesabu wakienda fildi (mafunzo kwa vitendo), vikundi abaki navyo nani?

Wakuu, salaam. Tunaratibu wanachuo wanaojitolea kufundisha hesabu kidato cha pili kwenye sekondari moja ya kata, Dar es Salaam. Ni kila Jumamosi, saa 3 hadi saa 5 asubuhi, mwanachuo mmoja kwa wanafunzi watano. Wakizidi wanane, wa pembeni wananakili tu majibu.

Tunaanza na jaribio fupi la sehemu na namba hasi. Anayeandika 1/2 + 1/3 = 2/5, kumkimbizia aljebra ni kazi bure. Maelezo ni kwa Kiswahili, kisha swali lilelile linasomwa kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya mtihani.

Kinachotukwamisha ni kalenda. Julai ni UE (mitihani ya mwisho wa muhula chuoni), halafu wanachuo wanatawanyika fildi mikoani, na upimaji wa taifa wa kidato cha pili ni Novemba. Vikundi vinakufa vinapohitajika zaidi. (Boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo, likichelewa nauli nayo inakata, ila hilo tunalimudu kwa kuwapanga wanaokaa jirani na shule.)

Waliomaliza kidato cha sita wangefaa, lakini miezi hiyo wengi wako JKT (Jeshi la Kujenga Taifa). Kidato cha nne wana mtihani wao.

Mliowahi kuendesha kitu kama hiki, pengo hilo mliliziba vipi? Na mwalimu wa shule anayekuwepo Jumamosi, mlimpa posho au nauli tu?