Naomba ushauri: kitambaa cha ndege ya Piper J-3 Cub ya mwaka 1946

Ndugu wanachama, nawasalimu. Ninaifufua ndege ndogo ya Piper J-3 Cub ya mwaka 1946, iliyoundwa Lock Haven, Pennsylvania, na sasa nimefika mahali ambapo nahitaji busara ya waliotangulia. Kiunzi cha mabomba ya chuma nimekwisha kukisafisha kwa mchanga na kukipaka praima, injini ya Continental A-65 imo mikononi mwa fundi mwenye leseni, na hata kipimo cha mafuta nimekirudisha kama kilivyokuwa: waya unaochomoza kwenye kifuniko cha tangi, mbele ya kioo, na kushuka kadiri boya lililo chini yake linavyoshuka. (Nakipenda sana kipimo hicho, hakina cha kuharibika.)

Tatizo langu ni kitambaa. Awali ndege hizi zilivikwa kitambaa cha pamba na kupakwa dopu, yaani vanishi ya kitambaa cha ndege, ambayo hukikaza kitambaa hadi kikalia kama ngoma ukikigonga kwa kidole. Pamba huozeshwa na jua na unyevu, nayo dopu ya nitreti hushika moto upesi mno. Polyesta hudumu zaidi, lakini ninazoziona nyingi zina mng'ao wa plastiki usiofanana kabisa na ule wa zamani. Je, yupo aliyevika polyesta kisha akaimalizia kwa dopu ya butireti (aina nyingine ya dopu), akapata mng'ao mpole na ile manjano halisi ya Lock Haven? Alipaka tabaka ngapi, na kingo za utepe uliobandikwa juu ya mbavu za mabawa bado zilionekana?

Natanguliza shukrani.