Mjadala: Watoto wakiigiza Yeriko, tuishie kuta zinapoanguka?

Wapendwa, tujadili bila kurushiana mawe.

Jumapili iliyopita darasa langu la watoto kanisani liliigiza Yeriko, ule mji wa Biblia ambao kuta zake zilianguka Waisraeli wa Yoshua walipouzunguka na kupiga kelele. Maboksi matupu katikati, watoto wanazunguka kimya mara saba, tarumbeta za karatasi mbele. Nikanyoosha mkono, wakapiga kelele, maboksi chini. Shangwe! Kisha binti wa miaka sita, ameshika boksi lililopondeka, akauliza: "Mwalimu, na waliokuwa ndani?" Nikasema tuimbe kwanza.

Yoshua 6:21 iko wazi: waliuawa wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee. Mtoto aliyeuzunguka mji kwa miguu yake ana haki ya kujibiwa. Tumjibu, au tusiigize kisa hicho. Mnasemaje?

*Mchangiaji wa kwanza:* Napinga maigizo yote. Neno lisomwe, lifafanuliwe, basi. Muulize mtoto alijifunza nini, atakwambia alinyimwa kuwa Yoshua.

*Mleta mada:* Kwa hilo la kunyimwa umenipata, walilia wawili. Lakini kuigiza hatukukuanzisha sisi. Katika Ezekieli 4 nabii anaambiwa achore Yerusalemu juu ya tofali, auzingire, kisha alale ubavu mmoja siku 390. Pasaka ya Kutoka 12 nayo ililiwa viatu miguuni, fimbo mkononi, na mstari wa 26 unatarajia kabisa watoto waulize maana yake.

*Mchangiaji wa pili:* Miaka sita ni midogo mno kwa habari za mauaji. Mpe Zakayo apande mti. Hayo mengine atayasoma akikua.

*Mleta mada:* Basi na Goliathi tumwache? Wote tunaishia kwenye jiwe la Daudi, na 1 Samweli 17:51, anapomkata kichwa, tunairuka kama dimbwi.

*Mchangiaji wa tatu:* Mmemsahau Rahabu, mwanamke wa Yeriko aliyewaficha wapelelezi wa Israeli, akaahidiwa kuokolewa akifunga kamba nyekundu dirishani. Kwetu mtoto mmoja hukaa ndani ya maboksi, kamba nyekundu ikining'inia nje. Wenzake wakizunguka wanamwona. Kelele zinapopigwa, kuna anayekwenda kumtoa kwanza. Swali la waliokuwa ndani linakuja lenyewe, na pa kuanzia kujibu pako.

*Mleta mada:* Hilo sikuliwaza, nitalichukua. Ila aliyeokoka ni Rahabu na jamaa zake tu. Yule binti namjua, atauliza "na wengine?" Safari hii sitakimbilia wimbo. Mwenye maneno ya kumwambia mtoto wa miaka sita ayaweke hapa kabla ya Jumapili.