Monita ya 4K kwenye desktopu ya zamani: kadi ya grafiki, mashine nyingine au nishuke 2K?

ramani_dom
Wakuu habari za mida hii. Nipo Nkuhungu, nachora ramani za viwanja kwenye QGIS na michoro ya nyumba kwenye AutoCAD. Nimepata monita ya Dell inchi 27 ya 4K, mtumba ila safi, nimeichomeka kwenye OptiPlex 7020 ile nyembamba, i5-4590, ram GB 8, Windows 10. Picha kali mno, namba za viwanja nazisoma bila kusogeza uso, ila mausi inaburuza, ukivuta dirisha linakuja kwa kukatakata na hata saa nne asubuhi haijafika macho yashachoka. Fundi mmoja hapa mjini kasema mashine imechoka ninunue nyingine. Nalinganisha vitatu: kadi ya grafiki, kompyuta ya gen ya 8 (kizazi cha nane cha prosesa za Intel, yangu ni ya 4), au niuze monita nichukue ya 2K. Mngekuwa nyie mngeanzia wapi?

kijana_wa_manyoni
Uza mashine mkuu, chukua gen ya 8. Windows 10 Microsoft walishaacha kuihudumia tangu 14 Oktoba 2025 na gen ya 4 haikubaliki rasmi kwenye Windows 11, sasa ya nini kutia hela kwenye kitu kinachokwisha muda.

Fundi_Makole
Kabla hajauza chochote, ramani_dom umetumia waya gani? Maana hiyo 7020 kwa nyuma haina HDMI, ina matundu ya monita ya aina nyingine, DisplayPort mbili na VGA.

ramani_dom
Nimeweka kile ki-adapta kifupi cha kutoka DisplayPort kwenda HDMI, halafu waya wa HDMI uliokuja na monita.

Fundi_Makole
Hapo ndo penyewe. Bonyeza kulia kwenye desktop, ingia Display settings halafu Advanced, soma refresh rate. Nina uhakika utakuta 30 na siyo 60. Ki-adapta cha bei rahisi hakibadilishi chochote, kinaiambia tu kompyuta itoe HDMI, na HDMI ya mashine hizo ni 1.4 ambayo kwa 4K mwisho wake hezi 30. Yani kioo kinachora picha mara 30 kwa sekunde, mkono wako unasogea kioo kinafuata nyuma, hata uwe na prosesa ya namna gani utaona inaburuza.

Mahesabu yake: 4K ni pikseli milioni 8.3, mara nne ya 1080p. Ukizichora mara 60 kwa sekunde unataka kama gigabiti 12 kila sekunde. HDMI 1.4 inapitisha kama 8 tu, ila DisplayPort 1.2 inapitisha 17, na hiyo i5 ya gen ya 4 ya desktopu grafiki yake ya ndani inatoa 4K kwa hezi 60 bila shida ikipita DisplayPort. Kwaiyo tafuta waya wa DisplayPort moja kwa moja mpaka kwenye monita, usizidi mita 2. Halafu ingia kwenye menyu ya monita yenyewe, zile batani za pembeni, Dell nyingi za zamani zina sehemu ya kuchagua DisplayPort 1.1 au 1.2. Ikiwa kwenye 1.1 utarudi hezi 30 vilevile na utalaumu waya bure.

Na wewe wa Manyoni hoja yako ya Windows 11 ni ya kweli kabisa, naikubali, ila angehamia gen ya 8 na ki-adapta hichohicho angekutana na hezi 30 zilezile, grafiki ya Intel ya gen ya 8 nayo HDMI yake ya ndani ni 1.4. Shida angehama nayo.

kijana_wa_manyoni
Hiyo ya gen ya 8 sikuijua, asante mkuu. Na kadi je?

Fundi_Makole
GT 1030 inafaa, iwe low profile, yani ile fupi, maana kesi ni nyembamba, inakula wati 30 na haitaki waya wa ziada wa umeme, na ina HDMI 2.0. Ila ulizia kwa makini, kuna yenye memori ya GDDR5 na kuna ya DDR4, ya DDR4 ni dhaifu sana na jina ni lilelile kwenye boksi. GT 710 achana nayo kabisa kwa 4K, HDMI yake ni 1.4, utakuwa umenunua tatizo ulilonalo.

mama_kadi_ipagala
Mimi natengeneza kadi za harusi na nilichagua 2K ya inchi 27, siijutii. 2K ni pikseli milioni 3.7 tu, mashine inapumua, na maandishi hayahitaji kukuzwa. Kwenye 4K lazima ukuze asilimia 150, sasa programu za zamani hazikui vizuri, aikoni zinabaki vidoti. Kaka kama AutoCAD yako ni ya siku nyingi hilo lipime kabla hujatumia hela.

ramani_dom
Dada asante, AutoCAD yangu ni ya zamani kweli na aikoni ndo hivyohivyo. Ila waya nimeazima kwa jamaa wa Area C, monita ilikuwa kwenye 1.1 nikaipeleka 1.2, sasa inasoma 60 na mausi imekuwa nyepesi kabisa! Kilichobaki ni viwili: YouTube ya 4K bado inakwama, na QGIS nikisogeza picha ya droni inachelewa.

Fundi_Makole
YouTube ya 4K mara nyingi inakuja kwa VP9, namna ya kubana video, na gen ya 4 haina kifaa cha kuifungua, prosesa inabeba peke yake. Weka 1080p uendelee na maisha, au hapo ndo GT 1030 ina maana, yenyewe VP9 inaifungua. QGIS kadi haitakusaidia, ramani inachorwa na prosesa. Ile picha ya droni ijengee piramidi, yani nakala zake ndogondogo za kuonyesha haraka, ingia kwenye sifa za leya utaikuta, utaona tofauti palepale. Na hiyo GB 8 kama ni kijiti kimoja ongeza cha pili kinachofanana nacho, grafiki ya ndani inakula ram hiyohiyo na vijiti viwili vinaipa njia mbili. Halafu fungua kesi upulize vumbi kwenye feni, upepo wa Dodoma huu unajua mwenyewe.