Tovuti ya mafundi simu imekua, sasa seva ilipwe na nani?

Fundi_wa_Kenya
Jambo kwenu wote. Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko komuni ya Kenya, hapa Lubumbashi. Tuna tovuti yetu, mafundi wa hapa, Likasi, Kolwezi na Kasumbalesa. Simu ikikataa kuchaji, unapiga picha ya ubao wake, unazungushia duara pale ulipopima, unaandika volti ulizozikuta. Aliyewahi kukutana na ugonjwa huo anakujibu. Kuna kijana wa Kasumbalesa ambaye hana fundi mkubwa wa kumfundisha, na leo anabadilisha IC ya chaji, kile kichipu cha ubaoni kinachosimamia kuchaji, mwenyewe. Kwa ajili ya huyo tu sitaki tovuti ife.

Hadi sasa nalipa mimi, kifurushi cha bei ya chini: seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, tunagawana na tovuti za watu wengine. Jioni wateja wakishaondoka, mafundi wanaingia wote kwa pamoja na kurasa zinagoma. Wenye seva wanasema tumepita kiwango. Mfanyabiashara mmoja wa vipuri yuko tayari kulipa mwaka mzima, ila tangazo lake likae juu na nenosiri la msimamizi apewe yeye. Wenzangu wengine wanasema cha bure hakikataliwi. Moyo wangu unakataa. Mngefanyaje?

Papa_Seva
Ndugu fundi, kabla ya pesa tazama kinachokula nafasi. Picha moja ya simu hufika MB 3 au 4. Ikatwe ibaki sehemu iliyopimwa, ipunguzwe, itashuka chini ya KB 300 na namba za IC bado zitasomeka. Na mwenye mega chache ataifungua bila kuumia.

Kugoma kwa jioni ni jambo jingine: prosesa na RAM, yaani nguvu na kumbukumbu ya kazi ya seva, mnagawana na tovuti za majirani. Kodini seva pepe, yaani sehemu ya seva kubwa iliyotengwa kwa ajili yenu tu, RAM ya GB 2 inatosha kuanzia. Kwa baadhi ya kampuni ni kati ya dola 5 na 10 kwa mwezi. Nakala ya akiba ifanyike kila usiku, ikae kwa kampuni nyingine, maana iliyo kwenye seva ileile haitawasaidia akaunti ikifungwa.

Kijana_Belair
Kwa nini usiweke mashine hapo kibandani? Hakuna kodi ya kila mwezi.

Papa_Seva
Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikipiga hapo kwako saa moja jioni, mdogo wangu, mafundi wa Kolwezi nao wanakosa tovuti. Betri na intaneti ya kudumu vitazidi hiyo kodi.

Mama_Katuba
Mwanangu, mimi nashika daftari la likelemba, mchango wa kupokezana, ya wamama sokoni, simu na seva sizijui sana, ila pesa ya watu naijua. Huyo mfanyabiashara muuzie tangazo, kwa miezi mitatu, kwa karatasi. Nenosiri usimpe. Halafu uliza: jina la tovuti limeandikishwa kwa nani? Akililipia yeye kwa jina lake, siku mkigombana ataondoka nalo, na kazi yenu yote itabaki haina mlango.

Funguo zishikwe na watu wawili wasiokaa nyumba moja. Mchango uwe wa mwaka, ya kila mwezi inachosha watu na kumchosha mkusanyaji. Kila franka iliyoingia na kutoka iandikwe pale wote wanaposoma, na risiti ipigwe picha.

Fundi_wa_Kenya
Asante sana, mama. Asante, papa. Nimepiga hesabu: seva dola 8 kwa mwezi, ni 96 kwa mwaka. Nakala ya akiba dola 2, ni 24. Jina dola 15. Jumla 135. Mafundi 27 wakitoa dola 5 kila mmoja tumemaliza, na 27 tunawapata Lubumbashi peke yake. Vijana wanaojifunza hawatatoa kitu. Jina naliandikisha kwa barua pepe ya kikundi, na ufunguo wa pili ataushika mwenzetu wa Likasi. Mfanyabiashara namwandikia kesho: tangazo ndiyo, nenosiri hapana.

Papa, picha za zamani nazo naweza kuzipunguza, au ni mpya tu?

Papa_Seva
Hata za zamani. Chukua nakala kamili kwanza, jaribu kuifungua uone kama ni nzima, halafu endesha kazi hiyo usiku wa manane.